Jina la Shihab kwenye Bamba la Shaba

Ijumaa, 4 Aprili

Daftari hili kaniletea mwanangu Wafaa kutoka Mapinga, anakouza vifaa vya ujenzi. Ati niandike kila siku akili isizeeke. Nimemwambia akili yangu haina kutu, kinachonishinda ni magoti. Lakini leo limetokea jambo la kuandikwa, basi naanza.

Baada ya sala ya Ijumaa alikuja mwalimu mmoja anaitwa Teddy, katibu wa kamati ya maveterani. Binti mpole, viatu kavivua mlangoni bila kuambiwa. Anasema wanatengeneza bamba la shaba lenye majina ya watu wa huku kwetu waliokufa vita vya Kagera. Litafungwa kwenye ukuta wa uwanja wa shule, na uzinduzi ni tarehe 31 Mei. Majina yanafungwa tarehe 30 mwezi huu, kwa sababu mchongaji yuko Dar es Salaam na anataka muda wake.

Mume wangu Shihab yumo kwenye orodha yao, lakini pembeni ya jina wameandika: Hajulikani alipo. Kwa mtu wa namna hiyo wanataka kitu kimoja kati ya viwili: shahidi aliyeona kwa macho, au mzazi akiri kwa maandishi kwamba mwanawe alifia vitani. Bila hivyo hawamwandiki. Medali zake mbili nazo zimehifadhiwa tu. Nakumbuka zilipoletwa mara ya kwanza. Mama aliwafungia watu mlango usoni.

Mama ndiye Bi Thuraya, mama mkwe wangu. Ana miaka tisini na masikio mazima kuliko yangu. Alikuwa chumbani, akapaza sauti: "Mwambie huyo binti mwanangu hajafa. Na wewe mkwe wangu, uji umepoa."

Teddy akaniangalia. Nikamwambia, "Niachie karatasi, mwanangu."

Jumapili, 6 Aprili

Mvua.

Jumanne, 8 Aprili

Wafaa kapiga simu, nimemsimulia habari ya bamba. Kauliza kama Bibi atakubali. Nikamwambia wewe unamjua bibi yako.

Acha niandike ilivyokuwa, maana Wafaa mwenyewe hana anachokikumbuka. Shihab alikuwa dereva wa lori aliloachiwa na marehemu baba yake, Hamood. Mwaka 1978 mwezi wa kumi na moja lori lilichukuliwa kwenda vitani, naye akasema gari lile lina ubishi, halimkubali dereva mwingine. Akafunzwa, akavaa magwanda, akaenda nalo. Wafaa alikuwa na mwaka mmoja. Barua zilikuja mbili. Ya pili aliuliza kama mtoto ameota meno ya nyuma. Baada ya hapo kimya.

Vita vikaisha, waliorudi wakarudi. Mama akasema mtu asiyeletwa maiti si maiti. Basi nyumba hii haikuweka tanga, haikusoma hitima, haikupokea mkono wa pole. Kila Idd Mama hukata kanzu ya Shihab, kwa kipimo kile kile cha kijana wa miaka ishirini na mitano. Kofia hushona mimi. Baada ya siku sita tunampa maskini. Miaka arobaini na sita.

Ijumaa, 11 Aprili

Leo nimemkabili. Nilikuwa namkanda miguu.

"Mama, tuseme ukweli wa Mungu. Shihab angekuwa hai sasa ana miaka sabini na mbili. Mtu mzima wa miaka sabini na mbili yuko wapi asipige hata simu?"

"Wako watu hupotewa na njia."

"Kwa miaka arobaini na sita?"

"Ghalia, unanichosha. Nigeuze."

Nikamgeuza. Sasa namwambia nani hasira zangu kama si daftari? Nampenda, siwezi kusema simpendi, ndiye aliyenifundisha kupika na ndiye aliyemlea Wafaa mgongoni. Lakini mwaka 1985 Hamoudi muuza vitambaa alituma wazee kuniulizia, mtu wa heshima, kafiwa na mke. Mama akawajibu mbele yangu kwamba huyu ni mke wa mtu. Nikanyamaza. Nilikuwa na miaka ishirini na minane, na nilijiona kweli ni mke wa mtu.

Nataka jina la Shihab liwekwe kwenye bamba lile. Naandika wazi ili nisijidanganye. Nataka mahali paandikwe kwamba alikufa, na siku aliyokufa. Kila fomu ninayopewa, nikifika kwenye hali ya ndoa kalamu inasimama. Mke si mke, mjane si mjane. Nina miaka sitini na minane, nimechoka kusimama mlangoni.

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Paa linavuja juu ya kabati, nimeweka sufuria. Mama kasema paa lilikuwa zima Shihab alipokuwepo. Nikamwambia hata mie nilikuwa mzima.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kumwona Teddy shuleni. Kanionyesha ukuta wenyewe, umeshapigwa lipu na mashimo manne ya skrubu yametobolewa. Akafungua jalada lake, nikasoma majina ya waliokuwa kikosi kimoja na Shihab. Wengi wamekufa. Nikakuta la Polikarpo, na mbele yake: Yu hai, Mapinga.

"Huyu kamati haijamuuliza?" nikasema.

"Tumemuuliza, bibi. Kila tukimtajia marehemu... samahani, tukimtaja mumeo, anasema hana la kusema. Anatoka nje kabisa."

Lo! Polikarpo namjua. Mtoto wa fundi seremala wa misheni, alikua na Shihab kama ulimi na mate, alikula kwenye sinia letu. Alirudi vitani akichechemea, akaja nyumbani mara moja tu, mimi nikiwa kwetu kumwuguza mama yangu, halafu hakukanyaga tena. Siku zote nilidhani anaona haya kwamba yeye karudi na mwenzake hakurudi.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Siwezi kumwendea mtu na jambo zito siku ya sikukuu yake. Nimeshona kofia, nimekosea ua, nimefumua.

Jumanne, 22 Aprili

Nimeomba jirani yangu Mwanaharusi akae na Mama, nimekwenda Mapinga. Tope mpaka kwenye vifundo. Shamba la Polikarpo limebanwa na viwanja vya watu wa mjini, kuta pande zote, yeye kabaki katikati na mihogo yake. Alikuwa anapalia. Aliponiona aliliweka jembe chini taratibu.

"Karibu, shemeji."

"Ahsante, shemeji. Hujambo?"

"Sijambo. Mama hajambo?"

"Hajambo. Polikarpo, sikuja kusalimu. Nimekuja kukuuliza kuhusu Shihab."

"Usiniulize hilo, shemeji."

"Kwa nini nisikuulize? Ulikuwa naye!"

Akavua kofia, akaivaa tena. Ana mvi kichwa kizima. Akasema, "Kamuulize Mama."

"Mama atajua nini, mzee wa watu aliyekaa ndani miaka yote?"

"Mama anajua. Nilimwambia mwenyewe. Mwaka ule ule, mwezi wa tano, niliporudi na mguu huu."

Mvua ilikuwa inanyesha, sikwenda hata chini ya mti kujikinga. Nikamuuliza alimwambia nini. Akasema, "Shemeji, nimeshavunja nusu ya kiapo changu, usinivunjishe chote. Aliniapisha kwa Mungu wangu nisimwambie mtu yeyote mpaka yeye aniruhusu au afe. Wewe ndiye uliyetajwa wa kwanza."

Nikamuuliza neno moja tu. "Amekufa?"

"Amekufa, shemeji. Mimi ndiye niliyemzika."

Nilikaa chini, pale pale kwenye matuta. Nilijua, nani asingejua baada ya miaka yote hiyo? Lakini kujua kwangu kulikuwa kwa kubahatisha. Huyu aliniambia kwa kinywa, na nililia kama watu wanavyolia siku ya msiba. Polikarpo alisimama mbali kidogo, kofia mkononi, analia naye. Alinisindikiza mpaka barabarani.

Kwenye gari ndipo hasira ziliponijia. Alimwambia mwezi wa tano mwaka 1979. Mama amejua siku zote hizo. Alijua akikata kanzu. Alijua akiwajibu wazee wa Hamoudi.

Jumatano, 23 Aprili

Nimempa uji, nimembadilisha nguo. Sikusema neno.

Alhamisi, 24 Aprili

Sikusema neno.

Ijumaa, 25 Aprili

Kauliza, "Ghalia, unaumwa?" Nikamwambia siumwi. Nilikuwa namchana nywele. Nimeogopa nafsi yangu, astaghfirullah, nikaweka kitana chini nikatoka uani, mvua ikaninyeshea nikiwa nimesimama tu.

Jumapili, 27 Aprili

Zimebaki siku tatu majina yafungwe, na moyo wangu usingeweza kungoja hata hizo.

Nilikaa kwenye kigoda mbele ya kitanda chake. Nikamwambia, "Nimekwenda kwa Polikarpo."

Alikuwa na tasbihi. Ikasimama. Nje alipita mwenye baiskeli ya samaki, mpaka sauti yake ikaisha.

"Kakwambia yote?"

"Kaniambia Shihab kafa na wewe unajua. Mengine kaniambia niulize kwako. Basi nakuuliza, Mama. Kwa nini?"

Nilidhani atakana. Ningepigana naye. Badala yake akaanza kusema, macho yake juu ya dari.

"Alikuja saa kama hizi. Kavaa shati la jeshi, anachechemea. Akapiga magoti hapo ulipokaa. Akasema, mama, Shihab kafa, nimemzika kwa mikono yangu. Nikasema inna lillahi. Nikamuuliza, ameoshwa? Akasema hapana, kulikuwa na mizinga. Kasaliwa? Akasema, mama, Mwislamu hakuwepo karibu, nilisali mimi. Ulisali nini? Akasema Baba Yetu. Halafu akaniambia, nilimwekea msalaba, mama. Wa mbao za sanduku la risasi. Nilimwekea msalaba asipotee."

Akaivuta tasbihi kifuani.

"Mwanangu, Ghalia. Shihab wangu. Mtoto aliyehitimu msahafu ana miaka tisa. Yuko nchi ya watu, hakuoshwa, hakukafiniwa, hakusaliwa, na msalaba kichwani kwake. Sikumwacha aseme zaidi. Nilimtupia kikombe. Nikamwambia toka, na apa hutamwambia mtu. Ningewaambia nini watu wakija kunipa mkono? Wakiuliza kazikwaje? Nikaona afadhali asiwe na kaburi. Mtu asiye na kaburi hajafa."

"Na mimi?" nikasema. "Mimi ningekuwa nani kwenye hesabu yako?"

"Wewe ungeondoka. Ungerudi kwenu na mtoto. Ningebaki na nani?"

Nilitoka chumbani. Sikumsamehe. Naandika hivi kwa sababu ni kweli: sikumsamehe. Lakini tangu asubuhi namwona mwanamke wa miaka arobaini na minne amekaa na habari ile peke yake, anakata kanzu, na siwezi kuacha kumwona.

Jumatatu, 28 Aprili

Mama kasema hatatia dole gumba kwenye karatasi. "Wataniuliza alizikwa wapi na vipi. Sitasema." Nikamwambia hawaulizi vipi. Akasema, "Mungu atauliza."

Nimempigia Polikarpo. Nimemwambia Mama ameshafungua mdomo, kiapo chake kimekwisha, aje kesho. Akasema, "Atanitupia kikombe tena?" Nikamwambia sasa hana nguvu hizo.

Jumanne, 29 Aprili

Amefika saa nne asubuhi, suruali imelowa mpaka magotini, amevaa koti la harusi. Kasimama mlango wa chumba hakuvuka kizingiti.

"Shikamoo, mama."

Mama alimkagua toka kichwani mpaka miguuni. Halafu akasema, "Marahaba. Umezeeka, Polikarpo."

"Nimezeeka, mama."

"Na mguu?"

"Unauma mvua zikinyesha."

"Kaa."

Akakaa ukingoni mwa kiti. Nikamwambia, "Shemeji, siku ile hukuachwa umalize. Leo tuambie toka mwanzo, mimi sikusikia hata neno moja."

Akaeleza huku anaangalia mikono yake. Walikuwa wanakaribia Lukaya, Shihab anaendesha, yeye kapanda nyuma na wenzake. Kombora likatua mbele ya lori. Shihab hakusema kitu, hakuteseka, hilo alilirudia mara mbili. Wenzake wakaamriwa wasonge mbele, yeye akaachiwa sepetu.

"Nilimzungushia blanketi la jeshi, nikalifunga kichwani na miguuni kama nilivyoona mnafunga sanda. Nikachimba. Udongo ulikuwa mlaini, kulikuwa kumenyesha. Sasa nikasimama pale nikajiuliza, namlazaje? Maana nilijua nyinyi mna namna yenu. Nikakumbuka siku tulipomzika babu yake, tukiwa na miaka kumi na miwili. Shihab alinishika mkono tukasogea mpaka mbele kabisa. Nikamwona babu analazwa ubavu wa kulia, kichwa upande wa bahari, miguu upande wa bara. Na makaburi yenu yote huku yako hivyo. Nikasema, basi dini yao inataka kichwa kielekee baharini."

Mama alikuwa ameufumba mkono wake juu ya shuka.

"Huko bahari hakuna," Polikarpo akasema. "Lakini kulikuwa na ziwa, linaonekana kwa mbali. Nikasema maji ni maji, Mungu atanielewa. Nikamlaza ubavu wa kulia, kichwa upande wa ziwa. Nikaanza kusoma ile Alhamdulillahi yenu, niliwahi kuikariri kwa kuisikia tu, nikafika katikati nikakwama. Ndiyo nikasali ya kwetu. Na msalaba, mama, sikujua alama nyingine. Nisamehe."

"Ziwa lilikuwa upande gani?" Mama akauliza.

"Upande wa... sijui nisemeje, mama. Mkono wa kulia wa barabara."

"Jua. Jua lilichomoza wapi?"

"Ziwani. Kila asubuhi lilitokea ziwani, kama hapa linavyotokea baharini."

Mama akaniambia, "Ghalia, tandika mkeka."

"Mama, sakafu ina baridi."

"Tandika, nakwambia!"

Nikatandika. Tukamshusha, mimi mabegani na Polikarpo miguuni, mwepesi kama kikapu. Akataka kichwa chake kiwe upande wa mlango wa mbele, ndio upande wa bahari, na miguu upande wa uani. Akageuka mwenyewe kwa ubavu wa kulia, polepole, akakataa tusimshike. Akanyoosha miguu. Halafu akatazama mbele yake.

Mbele yake ulikuwa ukuta wenye msala wake wa kusalia. Ndio ukuta anaouelekea mara tano kwa siku tangu aletwe nyumba hii bibi harusi.

Polikarpo hakuelewa. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, uso umemwiva. "Nilikosea, shemeji?"

Alijibu Mama, shavu lake juu ya mkeka. "Kibla. Ulimwelekeza kibla, mwanangu. Hukukosea."

"Lakini msalaba..."

"Mti ule umeshaoza zamani. Yeye bado kaelekea." Halafu akauliza, "Ilikuwa siku gani?"

"Ijumaa, mama. Tarehe tisa mwezi wa tatu."

"Ijumaa," akasema. Na hapo Bi Thuraya akalia. Miaka arobaini na minane niko nyumba moja naye, sijapata kumwona akilia. Alilia kwa sauti, anamwita mwanawe kwa jina la utotoni ambalo mimi sikuwahi kulisikia, na Polikarpo kapiga magoti kando yake anarudia, "Pole, mama. Pole, mama." Ndio mkono wa pole wa kwanza uliotolewa nyumba hii.

Tulipomrudisha kitandani akasema, "Lete hiyo karatasi. Andika: marehemu Shihab bin Hamood." Nikaandika. Akatia dole gumba. Polikarpo akatia saini ya shahidi, herufi kubwa kubwa kama za mtoto wa shule.

Jumatano, 30 Aprili

Nimempelekea Teddy karatasi saa mbili asubuhi. Mvua. Niliibeba kifuani ndani ya mfuko wa nailoni.

Ijumaa, 9 Mei

Leo msikitini wamemsalia Shihab sala ya ghaibu, ya maiti asiyekuwepo. Sheikh Mohamedi alitangaza jina lake baada ya Ijumaa. Hitima tumesoma nyumbani, wanawake wamejaa mpaka uani, Wafaa kapika na Mwanaharusi. Mama alikaa kitako kapokea mikono yote, mmoja mmoja, tangu adhuhuri mpaka alasiri. Polikarpo alikaa barazani na wanaume. Sheikh alipofika kwenye Fatiha, ile Alhamdulillahi, Polikarpo naye alikuwa anatikisa midomo.

Mimi watu walinipa mkono pia. Wengine hawakujua waniambie nini. Mmoja aliniambia, "Hongera," akajishika mdomo. Nilicheka, halafu nikaona vibaya.

Jumatatu, 19 Mei

Jua nusu siku. Nimeanika magodoro.

Alhamisi, 22 Mei

Na Mama nazungumza, lakini ya lazima. Dawa, uji, maji ya moto. Kila nikitaka kumwambia jambo la zaidi naona miaka ile imesimama katikati yetu. Yeye naye ananitazama anataka kusema kitu, hasemi.

Jumamosi, 31 Mei

Bamba limezinduliwa. Watu wengi, viti vya plastiki, manyunyu. Mama alikuja na kiti cha magurudumu tulichoazima, kavaa buibui yake ya siku kubwa. Wafaa alikuwa anamsukuma.

Kitambaa kikavutwa. Shaba mpya inang'aa hata bila jua. Majina kumi na moja. La Shihab la saba: Shihab Hamood, dereva, 9 Machi 1979. Nililisoma mara nyingi sijui ngapi. Nikapitisha kidole kwenye herufi, zimechongwa kwa kina, hazitafutika upesi.

Mwishoni wakaita familia kupokea medali. Teddy akasema kwenye kipaza sauti, "Tunamwomba mama mzazi wa marehemu Shihab." Wafaa akaanza kusukuma kiti. Mama akaushika mkono wa kiti, akasema kwa ile sauti yake ya chumbani, na uwanja mzima ukasikia: "Mpeni mjane wake."

Nikaenda. Mzee mmoja wa jeshi akanipigia saluti, akanipa kisanduku chenye medali mbili na utepe. Nilirudi kwenye kiti changu. Mjane. Nilikuwa nimelisubiri neno hilo, na lilipokuja nilisikia uchungu mpya kabisa.

Watu walipoanza kutawanyika nilimwendea Sheikh Mohamedi, Mama pembeni yangu kwenye kiti chake. Nikamuuliza lile lililokuwa linanisumbua tangu hitima. "Sheikh, sasa nimejulikana ni mjane. Sikukaa eda. Nikae sasa, miezi minne na siku kumi?"

Sheikh akatazama bamba, akahesabu kwa vidole. Alisema kwa upole, hakutaka kuniumiza. "Eda inahesabiwa tangu siku ya kufa, Bi Ghalia, hata kama mtu hana habari. Yako ilikwisha. Ilikwisha katikati ya Julai, mwaka sabini na tisa."

Akaniombea dua, akaondoka. Nikabaki na Mama na ule ukuta.

"Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, Mama," nikamwambia. Sikumwambia kwa ukali. Nilikuwa sina ukali, nilikuwa na huzuni tu.

"Najua," akasema. "Nilikuwa nahesabu."

Nikamgeukia.

"Kila siku nilikuhesabia. Siku ilipotimia nilikuja mpaka mlango wa chumba chako nikwambie. Ulikuwa unamlaza Wafaa, unamwimbia. Nikasimama pale. Nikarudi."

Manyunyu yalikuwa yanageuka mvua. Wafaa alikuwa anatuita kutoka kwenye gari. Mama akanyoosha mkono wake juu ya magoti, kiganja wazi, akasema, "Niwie radhi, Ghalia."

Sikuweza kulitamka neno analolitaka. Hata sasa ninapoandika sijaliweza. Niliushika mkono wake, na tulipofika nyumbani nilikuwa bado nimeushika.